Mabanzi ya Mzee Banzi

Jambo hili limenigharimu mbao nne za kuteleza juu ya mawimbi, kandambili moja ya mguu wa kushoto, na heshima yangu kwa majirani wa Bigwa, ambayo kusema kweli haikuwa nyingi. Naanza na gharama ili ujue kwamba sikutungii. Mtu anayetunga hapotezi kandambili. Yalinikuta mimi mwenyewe, alasiri, jua likiwa bado liko juu, nimeshiba, na sijaonja kitu chochote zaidi ya chai.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Nanunua na kuuza vitu vilivyotumika: makabati, baiskeli, majiko, viti vya ofisi vyenye mguu mmoja mbovu. Nahesabu kila kitu mara mbili, ndiyo maana bado niko kwenye biashara. Nimeoa Mluguru, anaitwa Tatu, na hapo ndipo unapaswa kuelewa mambo mawili kabla hatujaendelea.

La kwanza, kwa Waluguru ardhi hupita kwa mama. Kiwanja tunachoishi ni cha ukoo wa mke wangu. Mimi pale ni mwanamume mwenye ufunguo wa mlango, basi. La pili, Mnyamwezi na Mluguru ni watani tangu enzi za babu zetu waliopita hapa na mizigo kichwani kuelekea pwani. Mtani akikutukana, unacheka. Mtani akichukua kofia yako, hukasiriki. Ama unaikomboa kwa kitu, ama unamwachia aende nayo. Shika hilo neno la kukomboa, tutalirudia.

Sasa, mama mkwe wangu, Bi Mwajuma, anaishi Kinole, upande wa pili wa mlima wa Uluguru, sisi tukiwa huku wa Morogoro. Macho yake yalianza kufifia, ikaamuliwa aje kukaa kwetu. Nikaambiwa nijenge chumba. Nikajenga. Ukuta ukasimama, bati likaezekwa, zikabaki mbao za kufunika ncha za kenchi chini ya bati, zile ambazo mafundi wote huziita fisha bodi. Bila hizo, chumba kina mdomo wazi pande zote nne. Masika yalikuwa yanakaribia, na wazee wa ukoo walikuwa wameanza kupita pale jioni, wanatazama juu, wanaguna, wanaondoka. Miaka tisa ya ndoa na bado nilikuwa mgeni. Tatu akanieleza hali kwa ufupi:

"Popo wameshaanza kuingia. Mama akija akawakuta, utakwenda kulala nao wewe."

Nikampigia dalali wangu wa Dar. Simu ilikuwa inakwaruza. Nikamwambia nataka fisha bodi, nzuri, zilizokauka. Akasema anazo safubodi saba, nyepesi, zimepakwa rangi, zimetoka Ulaya. Mimi nikasikia nilichotaka kusikia. Nikauliza urefu, akasema kuanzia futi sita mpaka tisa. Nikabishana naye juu ya bei nusu saa nzima, nikamshinda, nikalala natabasamu. Mtu aliyemshinda dalali wa Dar kwa nusu saa angejiuliza kwanza kwa nini.

Mzigo ulipofika, dereva wa fuso alizishusha moja moja, akiwa ameuma mdomo asicheke. Zilikuwa zile mbao wanazosimama juu yake wazungu baharini. Saba. Nikahesabu tena, saba. Zina pua, zina mkia, na chini zina mapezi kama papa. Jirani mmoja akauliza kama ni majeneza ya samaki. Mwingine akasema hapana, ni mabanzi, yale magome ya pembeni yanayobaki fundi akipasua gogo, na jina likashika mtaa mzima. Tatu alizizunguka mara mbili. Kisha akaenda kuwasha moto, na nikajua kwamba hali ni mbaya.

Nifanye nini? Mfanyabiashara hasemi amekosea, anasema ameingiza bidhaa mpya. Nikakaa na simu siku mbili nikitazama video, nikajifunza. Kumbe ni elimu. Ubao mrefu na mpana ni wa wimbi la pole, lililonona, lisilo na haraka; unalidaka mapema na linakubeba kama mama. Ubao mfupi wenye pua kali ni wa wimbi lililosimama wima na lenye hasira. Ule mfupi mpana wenye mkia uliogawanyika ni wa wimbi dhaifu, na wa watu wenye matumbo. Kisha mapezi: moja kubwa katikati ni la kwenda moja kwa moja kwa utulivu, matatu ni ya kushika maji usiteleze kando, mawili ni ya kasi na kucheza. Nilikariri yote. Niliyasema mara nyingi barabarani pale Bigwa, na vijana wa chuo cha Mazimbu walikuja kusikiliza, wakapiga picha na mbao zangu, wakaniachia shukrani.

Mwishowe nikasikia kuna mkulima wa karoti huko juu mlimani mwenye mbao za mkalitusi zilizokauka. Nikamtumia ujumbe kwamba nina meza nyepesi za kuoshea karoti, za kutoka nje ya nchi. Hilo si uongo. Zimetoka nje, na karoti zikiwekwa juu yake zitaoshwa. Akasema nilete nne tuone.

Nikazifunga nne kwa kamba. Ndefu ya futi tisa ilikuwa na ufa karibu na mkia, shubiri mbili kutoka mwisho. Nikaujaza gundi na juu nikabandika stika ya ua jekundu. Nikaziweka kichwani, nikapanda. Bodaboda walikataa, nawaelewa. Kila upepo ulipopiga, mbao ziligeuka nami nikageuka nazo, kwa hiyo sehemu kubwa ya njia niliipanda kwa ubavu.

Nilipopita mashamba ya kabichi ya mwisho, ukungu ukaanza kushuka, ule wa manyunyu unaolowesha nyusi. Pale njia inapopinda, juu ya jiwe, alikaa mzee. Amevaa koti la rangi ya udongo lenye kifungo kimoja, na kofia ya mkono imekaa upande. Nikatoa shikamoo. Hakuitika. Alinitazama kuanzia mzigo mpaka kandambili.

"Mnyamwezi," akasema. "Bado mnabeba tu?"

Nikafurahi. Nikajua niko kwa mtani. Nikamjibu kwamba tunabeba kwa sababu Waluguru wamekaa juu ya mawe wakisubiri ndizi zianguke zenyewe. Alicheka mpaka akashika goti. Alijuaje kwamba mimi ni Mnyamwezi? Sikujiuliza. Wewe ungejiuliza? Mtu mwenye mzigo kichwani hujiuliza swali moja tu, kama huyu aliye mbele yake ananunua.

"Na hayo ni mabanzi?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, huko chini wanayaita mabanzi.

"Basi ni yangu. Mimi ndiye Banzi."

Nikaona ni utani mzuri, nikatua mzigo nikacheka naye. Nikamweleza kila ubao kwa maneno yote niliyokariri, kwa sababu mkulima wa karoti hajui mimi nauza kwa nani, na mteja wa kwanza ndiye mteja. Alisikiliza kwa makini kuliko mtu yeyote wa Bigwa. Alipitisha kidole ukingoni, akagonga tumbo la kila ubao kwa kifundo akisikiliza, akauliza kwa nini hili pezi limerudishwa nyuma na lile limesogezwa mbele. Nikajibu. Nilipomaliza, nikamwambia tatizo ni moja tu, kwamba hapa hakuna mawimbi.

Akageuka akatazama juu. Ukungu wa upande wa Kinole ulikuwa umefika kwenye mgongo wa mlima. Ulijaa, ukasimama kidogo kama maziwa yanayotaka kufurika, kisha ukamwagika upande wetu, mkunjo juu ya mkunjo.

"Umekwenda kuitafuta bahari Dar," akasema, "na yenyewe huja hapa kila alasiri."

Akachukua ule wa futi tisa, akaubana kwapani kama mkeka wa msikitini, akapanda hatua chache. Mkunjo wa kwanza ulipofika, mnene, wa polepole, aliulaza ubao juu yake na akasimama. Nasema alisimama. Ubao haukuzama. Ulimchukua ukampitisha juu ya kabichi bila kugusa jani, yeye mikono iko nyuma kama mzee anayekagua shamba, ukamweka chini kule mwisho wa matuta. Akarudi anapanda kwa miguu, hahemi. Manyunyu yalikuwa yamenilowesha mpaka shati la ndani. Koti lake lilikuwa kavu.

Hapo nikafanya ninachofanya siku zote. Nikahesabu mbao, nne. Nikarudia, nne. Nikahesabu watu tulio pale, wawili. Nikarudia, nikapata mmoja.

Kwa nini sikukimbia? Nilitaka. Lakini kukimbia na kuacha mbao nne ni hasara, na kukimbia nazo mlima ule haiwezekani. Tena, niamini, hakukuwa na kitu cha kutisha usoni mwake. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata kiatu kinachomtosha baada ya kutembea peku miaka mingi.

Akaujaribu ule mfupi wenye mapezi matatu kwenye korongo, ambako ukungu huanguka wima. Akarudi ananung'unika kwamba ubao unamng'ang'ania, akitaka kugeuka wenyewe unakataa. Nikamwambia hiyo ni kazi ya pezi la kati, alitoe. Nikatoa kifunguo changu cha kufungulia skrubu za makabati, kikaingia kama kilitengenezwa kwa kazi hiyo, nikalitoa. Vidole vyake vilipogusa vyangu havikuwa na uzito wowote. Nilijifanya sikugundua. Alirudi korongoni, na safari hii alikata kushoto, akakata kulia, akapanda mpaka kwenye ukingo wa ukungu na kushuka tena, akiniita kila akipita: Mnyamwezi, tazama. Mnyamwezi, umeona hiyo?

Niliona. Na nitakiri, nilikuwa napiga makofi.

Kisha akasema ni zamu yangu. Nikachagua ule wa futi saba na nusu, wa mtu wa wastani. Akautazama, akatazama tumbo langu, akanikabidhi ule mpana wenye mkia uliogawanyika.

"Chagua kwa kilo ulizonazo," akasema, "usichague kwa zile unazomwambia mkeo."

Nikasimama. Ubao ulitikisika chini yangu kama kitu kinachopumua, kisha mlima ukaanza kupanda nami nashuka. Sijui nikueleze vipi. Mimi ni mtu wa mkoa usio na bahari, maisha yangu yote nimebeba vitu, na kwa mara ya kwanza kitu kilinibeba mimi. Nilipita juu ya matuta ya karoti, juu ya mgomba, nikaona Morogoro yote chini imewashwa na jua la alasiri, na nikasikia mtu anacheka kama mwendawazimu, na mtu huyo alikuwa mimi. Kandambili ya kushoto ilinitoka nikiwa juu ya mgomba. Umbali, kama viwanja viwili vya mpira. Nilirudi nikipima kwa hatua, nikapata viwili kamili.

Nilipofika kwake nikasema sasa tuzungumze bei. Nikamwambia sitaki pesa, nataka fisha bodi nne, na kwa nini. Akauliza mama mkwe wangu ni nani. Nikasema Bi Mwajuma wa Kinole. Akaurudia ule wa futi tisa. Alikuwa anapitisha dole gumba juu ya stika ya ua jekundu.

"Hapa pamepasuka."

"Ni nakshi, mzee."

"Pamepasuka, mtani."

"Kidogo."

"Basi nami nitakulipa pungufu kidogo." Akazipanga mbao zote nne, moja juu ya nyingine. "Mtani hanunui. Nachukua. Vya kukomboa viko Kinole, juu ya dari ya nyumba ya zamani ya Mwajuma, upande wa jikoni, nyuma ya magunia. Mwambie mbao hizo nilizipiga randa mwenyewe. Nilikosa tu siku ya kuzipigilia."

Nikaona ananizungusha. Nimefanya biashara miaka mingi na najua mtu anayekutuma mbali kuchukua malipo. Nikamwambia Waluguru ni wezi wa kweupe. Akacheka. Nikamwambia chukua basi, chukua bure, na ukazame nazo.

Hapo alicheka mpaka akakaa chini.

"Umechelewa, mtani," akasema.

Ukungu ukapita kati yetu. Ulipoondoka, jiwe lilikuwa pale, pezi moja la kati lilikuwa juu yake, na mimi nilikuwa na kamba mkononi isiyofunga kitu.

Nilirudi nyumbani nimevaa kandambili moja. Tatu aliniuliza mbao ziko wapi, nikasema zimechukuliwa na mzee mmoja anayejiita Banzi. Aliacha kusonga ugali. Nyumbani kwao kuna mtu aliyefariki kabla sijaoa, kaka wa mama mkwe, mkubwa wa ukoo, ambaye wote humtaja kama Marehemu Mjomba. Hakupenda kupigwa picha. Jina lake sikuwahi kulisikia. Sasa nikaambiwa: Banzi. Tatu akakaa kwenye kigoda na kuuliza, polepole, nilimwambia nini.

Unaelewa nilikuwa nimefanya nini? Mjomba ndiye mwenye kauli ya ukoo. Ndiye angepaswa kunipokea nilipooa, na alikufa hajanipokea. Kwa utani, ningeweza kumwambia lolote. Kwa ukwe, sikupaswa hata kumkazia macho. Nami nilikuwa nimemwita mwizi na kumwambia akazame.

Tatu alipiga simu Kinole, akanikabidhi kama mtu anayekabidhi kesi. Nikamweleza mama mkwe yote. Aliniuliza mambo mawili. Koti lake lilikuwa na vifungo vingapi? Nikasema nilihesabu mara mbili, kimoja.

"Ulipompa shikamoo, aliitika marahaba?"

"Hapana, mama."

"Na ulimwambia nini mwisho?"

Nilifikiri kupunguza. Kisha nikakumbuka ule ufa, nikasema yote, neno kwa neno. Niliangalia kama salio limekwisha. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa miaka tisa. Bi Mwajuma alikuwa anacheka.

"Kaka yangu hakuwahi kumwitikia Mnyamwezi marahaba maisha yake yote," akasema. "Angekuitikia, ningejua anakuona mgeni. Umeshapokelewa, baba. Njoo uchukue mbao zako."

Nilikwenda kesho yake. Nyuma ya magunia, chini ya masizi ya miaka, kulikuwa na mbao zilizopigwa randa laini kama meza. Nne. Nikahesabu tena, nne. Moja ilikuwa na ufa uliozibwa kwa nta, shubiri mbili kutoka mwisho. Niliupima kwa kiganja changu hiki.

Fundi alizipigilia wiki ile ile. Popo walihama. Mama mkwe amehamia, na wazee wa ukoo wakipita jioni hawaguni tena, wanaomba chai. Kila alasiri ukungu unapofurika juu ya mlima, mama mkwe hutoa kiti chake kibarazani, ananiita nikae karibu, kwa kuwa macho yake hayafiki huko.

"Leo yuko kwenye banzi lipi?" huuliza.

Mimi hutazama mkunjo wa ukungu, nikamwambia: leo ni mzito, mama, wa pole, yuko kwenye ule mrefu wa pezi moja. Au: leo unaanguka wima, amechukua mfupi. Siku nyingine namwona kweli. Siku nyingine nakisia kwa hali ya wimbi, na bado sijakosea, maana yeye husikiliza kidogo kisha anatikisa kichwa na kusema ndiyo, ndiye. Majirani wanasema ukoo umepata mwendawazimu wa pili.

Kwa hiyo wewe unayepanda Uluguru alasiri na mzigo, sikia. Ukimkuta mzee mkavu ndani ya manyunyu, usimfiche ufa, atakulipa na ufa. Usimwambie chukua bure, kwa sababu atachukua. Na ukiona juu ya mgomba kandambili ya kushoto, ya bluu, namba arobaini na mbili, ni yangu, nirudishiwe.

Lakini nililotaka hasa ni ushauri. Zimebaki mbao tatu. Moja ya futi nane, nene, yenye pezi moja. Moja fupi, pana, mkia umegawanyika, mapezi mawili. Moja nyembamba kama kisu, mapezi matatu. Amekuja mtu kutoka Dar anazitaka zote na hajabishana sana. Juzi mama mkwe alizipapasa kwa mikono, moja baada ya nyingine, akaniambia niuze mbili, moja nimwekee yeye, kwa siku atakayoihitaji. Hana haraka, anasema, na mimi sina haraka kabisa. Ila hataki akifika kule juu kaka yake amcheke.

Ni mama mfupi, mwepesi, hajawahi kuogelea, na anataka ukungu wa masika, ule mzito unaovunjika mara mbili. Wewe unayejua mambo haya kuliko video, niambie: nimwekee upi?